Gauni Linalobana Kwapani

Mama aliyeshona gauni nyumbani, kisha akaliona linambana mtoto kwapani, asilitupe; kitambaa ni fedha. Kwanza alifue, kwa maana nguo ya pamba aghalabu hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Halafu, ikiwa mikono ilikatwa pamoja na mwili, afumue mshono chini ya kwapa, inchi 3 kuelekea mkononi na 3 ubavuni. Katika vipande vilivyosalia akate kikwapa cha mraba, inchi 4 kila upande, akitie bandi, amwambie mtoto ainue mikono. Kikikaa vema, akishone kwa mkono, kila shono lirudi nyuma kidogo, usije ukafumuka. Ndipo mtoto atakapokwenda shule amevaa, wala baba hataombwa fedha nyingine.