Tawi la Mshipa wa Moyo Likibana: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuridhia Stenti ya Pili



Katika chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, kwa kawaida mgonjwa huwa macho. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, akitazama njia yake katika kioo cha mtambo. Nje, ndugu wanasubiri. Mlango ukifunguka, huenda wakaelezwa kwamba mshipa mkuu umekwisha kuzibuliwa, ila tawi lake nalo linaonekana limebana. Je, wanaridhia stenti ya pili pamoja na gharama yake? Jibu linahitajika papo hapo. Mwenye hofu hujibu ndiyo, asiye na fedha hujibu hapana, na wote wawili huondoka na mashaka.

Tumeandika makala hii ili uamuzi huo usikukute mlangoni. Hoja yetu ni moja: uzito wa tawi haupimwi kwa jinsi linavyoonekana kwenye picha peke yake, bali kwa kiasi cha misuli ya moyo linachokilisha na kwa upungufu halisi wa damu katika misuli hiyo. Mambo hayo yanaweza kujadiliwa na daktari kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Mshipa mkuu na matawi yake

Moyo hulishwa na ateri mbili, ya kulia na ya kushoto. Ateri ya kushoto huanza kama shina fupi, kisha hugawanyika: mshipa mmoja hushuka mbele ya moyo, mwingine huzunguka kuelekea nyuma. Kila mshipa hutoa matawi yake. Mafuta hujikusanya kwa urahisi penye njia panda hizo, kwa sababu damu haipiti hapo kwa utulivu. Inakadiriwa kwamba asilimia 15 hadi 20 ya tiba za kuzibua mishipa ya moyo kwa stenti hufanyika penye njia panda za aina hii.

Mfano wa mfereji wa shamba utasaidia. Mchepuo mmoja hunywesha nusu ya shamba. Mwingine hunywesha tuta moja la mchicha. Yote miwili ikipungukiwa na maji, mkulima hawezi kuipa uzito sawa. Ndivyo ilivyo kwa matawi ya mishipa ya moyo.

Mambo matatu yanayolipa tawi uzito

La kwanza ni ukubwa wa eneo linalolishwa. Tawi nene na refu hulisha misuli mingi kuliko tawi jembamba na fupi. Wataalamu wengi huliangalia kwa makini zaidi tawi lenye kipenyo cha milimita 2.5 au zaidi, au linalolisha asilimia 10 au zaidi ya misuli ya moyo. Matawi mengi ya pembeni hayafikii kiwango hicho.

La pili ni hali ya misuli yenyewe. Iwapo eneo hilo limekwisha kuwa kovu kutokana na shambulio la moyo la zamani, kulifungulia damu huenda kusilete nafuu kubwa. Iwapo misuli ni hai, na mgonjwa hubanwa kifua anapopanda ngazi au kutembea haraka, jambo ni tofauti.

La tatu ni upungufu wa damu uliothibitishwa. Kipimo cha moyo ukiwa kazini, au waya maalumu wa kupimia msukumo wa damu ndani ya mshipa, huonyesha kama damu inapungua kweli. Waya huo hulinganisha msukumo baada ya sehemu iliyobana na ule wa kabla yake. Uwiano ukiwa juu ya 0.80, kwa kawaida tawi huachwa bila stenti.

Picha inaweza kukuza tatizo

Stenti inapotanuliwa ndani ya mshipa mkuu, husukuma mafuta na ukuta wa mshipa kuelekea mdomo wa tawi. Mdomo huo huonekana umesinyaa kuliko ulivyokuwa, hali damu bado inapita vya kutosha. Mwaka 2005, Bon-Kwon Koo na wenzake wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya kupima matawi ya namna hiyo kwa waya wa msukumo. Kati ya matawi 73 yaliyoonekana kubana kwa asilimia 75 au zaidi, ni 20 tu yaliyokuwa na upungufu wa damu wenye maana. Yaani, takribani matawi matatu kati ya kila manne yaliyotisha kwenye picha yalikuwa yakifanya kazi yake.

Stenti moja au mbili?

Utaratibu unaopendelewa kwa wagonjwa wengi ni kuweka stenti moja katika mshipa mkuu, kulilinda tawi kwa waya, na kulishughulikia endapo tu damu itashindwa kupita vizuri. Utafiti wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya uliochapishwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 413, ulilinganisha utaratibu huo na ule wa stenti mbili. Baada ya miezi 6, waliopatwa na madhara makubwa ya moyo walikuwa asilimia 2.9 kwa stenti moja na asilimia 3.4 kwa stenti mbili. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Lakini kuweka stenti mbili kulichukua muda mrefu zaidi, kulitumia dawa nyingi zaidi ya kuonyesha mishipa, ambayo inaweza kuzidhuru figo, na kulimweka mgonjwa kwenye mionzi kwa muda zaidi.

Pale ambapo tawi halipaswi kupuuzwa

Tusieleweke kwamba stenti ya pili ni hasara siku zote. Katika njia panda ya shina la ateri ya kushoto, kila mshipa unaotoka hapo ni njia kuu. Vilevile, tawi kubwa lililojaa mafuta kwa urefu mkubwa linaweza kuhitaji stenti yake tangu mwanzo, au mgonjwa akashauriwa afanyiwe upasuaji wa moyo. Na wakati wa tiba, tawi kubwa likifunga kabisa, mgonjwa akapata maumivu ya kifua au damu ikaacha kupita, daktari hana budi kuchukua hatua mara moja.

Kwa mgonjwa ambaye hali yake ni tulivu, hata hivyo, kwa kawaida muda wa kuuliza upo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa namna hiyo, wasio na ugonjwa mkubwa katika shina la kushoto, kuanza na stenti au upasuaji hakukupunguza vifo wala mashambulio ya moyo kwa ujumla kuliko kuanza na dawa. Nafuu ilionekana zaidi kwa wale waliokuwa wakisumbuliwa na maumivu ya kifua.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Je, mshipa wenye tatizo uko penye njia panda? Tawi lake lina ukubwa gani, na linalisha sehemu gani ya moyo?
2. Je, kuna kipimo kilichoonyesha upungufu wa damu katika eneo hilo, au tunategemea picha pekee?
3. Mpango ni stenti moja au mbili? Ni jambo gani litakalokulazimu kuongeza ya pili?
4. Gharama ya stenti ya ziada ni kiasi gani, na je, bima yangu inailipia?
5. Nani ataamua kwa niaba yangu iwapo jambo jipya litajitokeza nikiwa mezani?

Baada ya tiba, omba nakala ya picha zako, maelezo ya mahali stenti ilipowekwa, na lebo au kadi yenye aina, ukubwa na namba ya toleo. Hakikisha idadi ya stenti kwenye hati ya malipo inalingana na idadi iliyomo katika taarifa ya daktari. Usiache dawa za kuzuia damu kuganda bila ushauri wa daktari, kwani stenti inaweza kuziba ghafla. Mara nyingi dawa hizo mbili hutumiwa pamoja kwa miezi 6 hadi 12.

Makala hii haichukui nafasi ya daktari wako. Maumivu makali ya kifua yasiyotulia, yanayosambaa mkononi au tayani, au yanayoambatana na jasho jingi na kukosa pumzi, ni dharura: nenda hospitali mara moja. Hapo si wakati wa maswali haya. Wakati wake ni sasa, ungali na utulivu wa kusikiliza majibu.