Timu Iliyokataa Karamu



Walimu wengi huuliza, Je, mchezo wa mpira wafaa nini katika malezi ya Mkristo? Si hupoteza saa na kuleta ugomvi tu? Basi leo nataka kuwasimulieni habari za vijana wa chuo kimoja cha Marekani, kisha jibu mtalitoa ninyi wenyewe.

Katika mji wa San Francisco, pwani ya magharibi ya nchi ile, kipo Chuo Kikuu cha mapadre Wajesuiti. Mpira waliocheza vijana wake si kama huu wetu. Umechongoka pande mbili mfano wa yai, nao huchukuliwa mikononi. Watu 11 wa kila upande husukumana na kuangushana, na mwenye kuuvusha mstari wa mwisho wa wapinzani huipatia timu yake alama. Ni mchezo wa nguvu, na asiyelindwa na wenziwe hafiki mbali.

Mwaka 1951 mwalimu wa timu hiyo alikuwa Joe Kuharich. Wachezaji wake walikuwa wazungu, ila wawili walikuwa watu weusi: Ollie Matson na Burl Toler. Toler alikuwa hodari wa kuwazuia wapinzani. Matson alikuwa na mbio za ajabu. Mwaka ule alikimbia na mpira yadi 1,566, wala katika vyuo vyote vya Marekani hakutokea wa kumpita. Walicheza mara 9, wakashinda zote 9. Walisafiri mpaka New York, wakawashinda vijana wa Fordham kwa alama 32 kwa 26; na mwisho wakawashinda Loyola, 20 kwa 2.

Sasa, ilikuwa desturi ya nchi ile kwamba timu zilizoshinda sana hualikwa kucheza michezo mikubwa karibu na siku ya Mwaka Mpya. Huko huja watu maelfu kwa maelfu, na chuo hupata sifa na fedha nyingi. Lakini baadhi ya michezo hiyo ilichezwa katika majimbo ya kusini, ambako siku zile mtu mweusi alitengwa na mzungu shuleni, garini na mezani. Basi vijana wakapata habari kwamba mwaliko waweza kuja, ila Matson na Toler wabaki nyumbani.

Wakakataa. Kama hawaendi wote, haendi hata mmoja.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Kama wale wawili peke yao wangalikataa, tungalisema ni haki yao, maana waliotukanwa ni wao. Lakini walikataa na wale waliofunguliwa mlango. Tena haikuwa rahisi. Chuo kilikuwa na upungufu wa fedha, na kwa wengi nafasi ile isingerudi tena. Mwaliko haukuja. Muda mfupi baadaye chuo, kwa kulemewa na gharama, kiliifunga timu ile ambayo haikushindwa hata mara moja.

Wahenga wamesema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Matson alikwenda Helsinki mwaka 1952, akapata nishani mbili katika mbio za Olimpiki. Toler aliumia goti mwaka huohuo, asiweze kuendelea na mchezo. Akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule mjini San Francisco. Mwaka 1965 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwamuzi katika ligi kubwa ya Marekani. Na mwaka 2006 chuo kiliwapa wale wa timu waliokuwa wangali hai shahada za heshima.

Nami nina jambo la kuungama. Nilipokuwa mwanafunzi, darasa letu lilialikwa karamuni. Mwenzetu mmoja alikuwa na nguo zilizochakaa, akaambiwa angoje nje. Sisi tukaingia tukala. Nami nilikula. Hakuna aliyenizuia kutoka na kuketi naye. Nilizuiwa na harufu ya pilau. Wali ule nimekwisha kuusahau ladha yake, lakini uso wa yule kijana sijausahau.

Basi, enyi wazazi na walimu, mtoto wenu arudipo kutoka uwanjani, msimwulize tu kama ameshinda. Mwulizeni, Je, kuna mwenzenu aliyeachwa nje leo? Nawe ulifanya nini? Mchezo umfundishao mtoto kujibu swali hilo pasipo haya haukupoteza saa yake. Na sisi tulio wakubwa, tuendapo arusini na karamuni, na hata tuikaribiapo Meza ya Bwana, tutazame kwanza mlangoni, tuone ni nani aliyebaki.

Bwana atupe moyo huo.