Dakika Thelathini za Kila Asubuhi

Tarehe 21 Agosti 2016, Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kirotshe katika Masisi, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro akiiwakilisha Kongo. Kijana wa kijiji cha Mpofi, jirani na Masisi, anayetamani kumfuata ana swali ambalo halimsumbui mwenzake wa Eldoret, Kenya: nikimbilie wapi? Kwa vita vya Masisi na Walikale, mashariki mwa nchi, si kila siku mtu anaweza kujitosa barabarani peke yake kilomita 25. Nusu saa karibu na nyumba kila asubuhi, hiyo inawezekana. Je, inatosha?

Kwa miezi ya mwanzo inatosha, tena inashinda mbio moja ndefu ya Jumapili. Siku chache tu za mazoezi mfululizo huongeza maji ya damu, na moyo huanza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ndani ya misuli kuna mitokondria, vitu vidogo mno vinavyochoma sukari na mafuta kwa oksijeni. Kila unapokimbia, msuli hupata ishara ya kuziongeza, lakini ishara hiyo hufifia baada ya saa kadhaa, na mitokondria zenyewe huchakaa na kuvunjwa siku zote. Anayesubiri siku saba ni kama fundi anayejenga ukuta Jumapili na kuuacha unyeshewe mvua juma zima.

Faida ya mbio fupi za kila siku inadokezwa pia na Kenya. Mwaka 2006 mtafiti Vincent Onywera wa Kenya na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanariadha wa nchi yao. Kati ya wale waliofikia mashindano ya kimataifa, asilimia 81 walikuwa wakikimbia kwenda shule utotoni. Kati ya Wakenya wasio wanariadha, asilimia 22 tu. Tusivuke mpaka hapo: wengi walikimbilia shule na hawakupata medali yoyote. Hata hivyo mtoto wa Masisi anayepanda mlima na bidoni ya maji, kwenye nyanda za juu, tayari ana msingi ambao mtu wa mjini huulipia.

Ila mbio fupi zina kikomo. Mwaka 1990 Robert DeBusk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwagawa wanaume wa makamo katika makundi mawili: wengine walifanya mazoezi dakika 30 mfululizo, wengine dakika 10 mara tatu kwa siku. Baada ya majuma manane wote walikuwa wameimarika, lakini uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 13.9 kwa kundi la kwanza na 7.6 kwa la pili. Kwa hiyo usikatekate nusu saa yako vipande ukiweza kuikimbia yote.

Na kwa marathoni, hata nusu saa haitoshi. Akiba ya sukari ndani ya misuli hukaribia kwisha baada ya saa moja na nusu au mbili za mbio. Hapo nyuzi za msuli zilizokuwa zimepumzika huitwa kazini, na mwili hulazimika kuchoma mafuta zaidi. Nusu saa haikufikishi huko, hata ukiirudia kila siku ya mwaka. Ndiyo maana Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya aliyekuwa akikimbia mara mbili kwa siku huko Kaptagat, alitenga Alhamisi kwa kilomita 30 au 40.

Basi, mwanariadha wa Mpofi, anza na nusu saa siku tano au sita kwa juma, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako. Ikishakuwa nyepesi, refusha siku moja tu, kidogo kidogo, hadi saa moja na nusu au zaidi. Barabara ya mbali si lazima. Zunguka kilima kilekile cha nyumbani mara nane, ukiwa na wenzako, mahali wazee wamekuambia pana usalama. Moyo na misuli havihesabu vijiji ulivyopita. Huhesabu muda uliokimbia.