Kabla ya kubadili prosesa, iulizeni bodi kwanza

 

Mwezi huu tunaongea juu ya kompyuta za mezani za zamani. Ziko kwenye vibanda vya kuchapa barua, ziko kwa vikundi vya vijana na makanisani, na familia chache wanazo nyumbani. Nyingi zilinunuliwa Mbarara au Kampala zikiwa zimeshatumika. Zinaenda polepole, watu wanachoka, halafu mmoja anasema: "Tubadilishe prosesa tu, itakuwa kama mpya." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni pesa ya kutupwa.

Prosesa ni kile kipande kidogo cha mraba kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Kinakaa juu ya bodi kuu, ile mafundi wanaita mazabodi, ndani ya kiti chake kinachoitwa soketi. Juu yake kuna chuma cha kupozea na feni.

Iliingia, lakini haikuwaka

Kuna kikundi kimoja cha vijana tunachokifahamu. Walichanga pesa miezi minne, pesa ya kupiga picha ndogo na kuchapa barua za watu. Kompyuta yao ni Dell OptiPlex 745, ya mwaka 2006. Wakanunua prosesa ya Core 2 Duo E8400, iliyotoka mwaka 2008. Muuzaji mmoja wa mjini aliwaambia: "Yenu ni soketi 775, na hii ni 775. Itaingia tu."

Na kweli iliingia. Lakini kompyuta haikuonyesha kitu, ni taa tu na skrini nyeusi. Waliporudisha prosesa ya zamani, ikawaka kama kawaida. Muuzaji alikataa kurudisha pesa, eti prosesa yake ni nzima. Sasa hapo ndio uchungu: prosesa ilikuwa nzima kweli, na bodi ilikuwa nzima pia. Ni kwamba hazikuwa za kuishi pamoja.

Sababu ni hii. Soketi 775 ilianza mwaka 2004 na ilitumika miaka mingi, kwa Pentium 4, Pentium D, Core 2 Duo na Core 2 Quad. Umbo halikubadilika, lakini umeme na kasi vilibadilika. Bodi ya OptiPlex 745 ina chipseti ya Q965. Njia yake ya kuongea na prosesa, mafundi wanaiita FSB, inafika 1066 MHz. E8400 inataka 1333 MHz, na imetengenezwa kwa namna mpya zaidi ambayo bodi ile haikuandaliwa kuijua. Soketi inakuambia kama prosesa itakaa. Haikuambii kama itafanya kazi.

Maswali matano kabla ya kutoa pesa

1. Kompyuta yangu ni aina gani hasa? "Dell nyeusi" haitoshi. Soma jina na namba mbele ya sanduku. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona aina ya kompyuta, prosesa na toleo la baiosi. Kwenye Linux, andika lscpu utaona prosesa. Kwa Dell unaweza pia kubonyeza F2 wakati inawaka. Andika yote kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Soketi ni ipi? Baada ya 775 zilikuja 1156 mwaka 2009, 1155 mwaka 2011, 1150 mwaka 2013 na 1151 mwaka 2015. Namba zinafanana lakini hakuna inayoingia kwa mwenzake. Na hata 1151 ina mtego wake: prosesa za kizazi cha 8, zilizoanza mwaka 2017, hazikubaliwi na bodi za kizazi cha 6 na 7, ingawa jina la soketi ni lile lile.

3. Chipseti na FSB zinakubali? Hapa ndipo vijana wale walipopotezwa. Kitabu cha mtengenezaji wa kompyuta kinaandika prosesa zinazokubaliwa, na tovuti ya Intel inaonyesha FSB ya kila prosesa. Tafuta kwa simu, hata kama bando ni dogo. Angalia pia jina lote, si namba peke yake. Kuna Core 2 Duo E6700, ambayo ni 2.66 GHz na kumbukumbu ya ndani ya MB 4. Kuna na Pentium E6700 iliyotoka 2010, ni 3.2 GHz na MB 2. Namba moja, prosesa mbili tofauti. Ile ya kwanza ni ya wakati mmoja na OptiPlex 745. Ya pili ni ya familia ya E8400. Muuzaji akikutajia namba tu, mwombe ageuze prosesa usome maandishi juu ya kifuniko cha chuma.

4. Baiosi ni ya mwaka gani? Baiosi ni programu ndogo ndani ya bodi inayoamsha kompyuta. Bodi nyingine zinaweza kubeba prosesa mpya zaidi, ila mpaka baiosi iwe mpya. Kazi hiyo inafanywa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Tafadhali sana: msifanye wakati betri ya sola iko chini au jenereta inakaribia kuisha mafuta. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa kabisa.

5. Joto na umeme vitatosha? Core 2 Duo nyingi zimeandikwa wati 65. Core 2 Quad Q6600 imeandikwa wati 105 au 95, kufuatana na toleo. Sanduku dogo lenye feni ndogo halitaweza. Na sisi wa sola tupige hesabu. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Prosesa ikiongeza wati 30 kwa saa 4 za kazi nzito, ni 120. Moja ya tano ya umeme wako wa siku imekwenda.

Labda si prosesa

Kabla ya yote, fungua sanduku utoe vumbi. Vumbi letu la kiangazi linaziba feni, prosesa inapata joto na inajipunguza kasi yenyewe. Ile grisi kati ya prosesa na chuma cha kupozea nayo inakauka, inabidi kupakwa upya.

Halafu, kompyuta ikiwa polepole, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kama prosesa iko 100 kwa mia muda wote, basi inazidiwa kweli. Kama memori ndiyo imejaa, ongeza memori, lakini DDR2 haiingii mahali pa DDR3. Kama diski ndiyo haipumziki, na memori haijajaa, diski ya SSD itasaidia kuliko prosesa. Tena SSD unaweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingine siku ile bodi itakapokufa.

Jambo lingine: asiwadanganye mtu kwamba prosesa bora ya 775 itawapa Windows 11. Windows 11 haikubali rasmi Core 2 hata moja, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta hizi, Linux Mint au Lubuntu ni njia nzuri, na ni bure.

Siku ya kubadilisha

Ukishajiridhisha, patana na muuzaji mbele ya shahidi: isipowaka, nairudisha ndani ya siku kadhaa. Mwandikishiane. Kama inawezekana, beba sanduku lenyewe mjaribu pale pale dukani. Nauli ya sanduku ni ndogo kuliko hasara. Kwenye soketi hizi pini ziko kwa bodi, nyembamba sana. Usiziguse kwa kidole, na watoto wakae mbali kidogo. Prosesa ina vikato viwili pembeni vinavyoonyesha upande wake. Iweke taratibu, usiisukume. Na ile ya zamani usiitupe wala kuiuza mpaka mpya imefanya kazi wiki nzima.

Wale vijana bado wana E8400 yao ndani ya karatasi. Inaweza kufanya kazi kwenye OptiPlex 755 au 780, basi mwenye kompyuta hiyo na anayetaka kuinunua atuone, tutawaunganisha. Na mwenye kompyuta asiyoijua vizuri atuletee jina lake kwenye kipande cha karatasi, tutaitafuta pamoja. Kuuliza si ujinga.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.