Motorola ao foni? Mambo ya kuangalia mbele ya kutoa franga za koperative

Tangu mvua zianze, kila barza tunayofika wanachama wanatuuliza neno lilelile: "Mradi utatununulia lini motorola?" Hawasemi simu. Wanasema zile mashine za mkononi ambazo unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza. Huku kwetu watu wengi wanaziita motorola hata kama zina jina lingine kabisa, na ile kubwa ya mezani, yenye waya mrefu uliofungwa juu ya miti, wanaiita foni. Sisi pia tutatumia majina hayo.

Sababu zao tunazielewa. Jua likikosa kuwaka siku mbili, mnara wa simu unazimika na rezo inapotea saa ileile mtu anapoihitaji. Wale wa Kalehe hawana haja ya kuelezwa. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko kule Nyamukubi, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Nyamukubi na Bushushu, na watu zaidi ya 400 wakafa. Hatusemi kwamba motorola ingewaokoa, maana maji yale yalikuja kwa nguvu na kwa mbio. Lakini kama munaishi chini kando ya ziwa, mtu wa kwanza kuona mto umebadilika rangi ni yule anayelima juu mlimani, na kati yake na ninyi kuna mwendo mrefu wa miguu.

Kwa hiyo hatukatai ombi. Tunaomba tu mujue munanunua nini. Tumeona koperative zikinunua vibaya, na mara moja sisi wenyewe ndio tulioshauri vibaya.

Ilikuwa koperative moja ya kahawa na maharagi. Walinunua motorola nane kwa mfanyabiashara wa mjini. Kwenye karto iliandikwa kilometa 10, na kutoka depo mpaka mashamba ya juu, kwenye ramani, ni kilometa 4 tu. Tukasema: nunueni. Siku ya kujaribu, mama prezida alisimama mlangoni mwa depo, kijana mmoja akapanda.

"Mama Prezida, unanipata?"

"Nakupata muzuri, mwanangu. Endelea kupanda."

Kiisha kijana akapita mgongo wa kilima, na tukabaki kusikia upepo tu ndani ya mashine. Alirudi jioni amechoka. "Mama," akasema, "niliita mpaka mate ikakauka."

Kosa halikuwa la mashine. Mawimbi ya motorola yanakwenda karibu sawa na mwanga wa tochi: yanapita penye wazi, kilima kikisimama katikati yanazibwa. Zile kilometa 10 za kwenye karto si uongo mtupu, lakini zinahesabiwa fasi ya tambarare. Mtu aliyesimama, mashine ikiwa mita 1 na nusu juu ya udongo, mawimbi yake yanafika karibu kilometa 5 mbele ya dunia kujipinda na kuyaficha. Mwenzake aliye upande wa pili naye ana kilometa zake 5. Ukijumlisha ndiyo hizo 10, na utazipata juu ya maji ya ziwa, si katika vilima vyetu. Lakini ukipanda mita 100 juu ya wengine, upande wako peke yake unafika kilometa 41. Ndiyo maana mtu wa Idjwi anayeiona ng'ambo ya Kalehe kwa macho yake anaweza kusikika huko na mashine ndogo, na sisi tulishindwa kilometa 4.

Basi kipimo cha kwanza hakihitaji mashine yoyote. Mchana, pandeni mpaka fasi munayotaka kusema nayo, muangalie kama bati la depo linaonekana. Usiku, mtu mmoja awashe tochi yenye nguvu. Tochi ikionekana, motorola itasikika. Isipoonekana, tafuteni mtu wa katikati: nyumba iliyo juu ya mgongo wa kilima, inayoona pande zote mbili. Koperative ile iliipata nyumba ya mwalimu mmoja. Anasikia ya juu, anairudilia ya chini. Mashine tatu zikafanya kazi ambayo nane zilishindwa. Zile tano zimekaa ndani ya karto mpaka leo.

Sasa tuseme juu ya mashine zenyewe. Kuna ndogo kabisa, za rangi rangi, zinazouzwa mbilimbili. Nyingi zilitengenezwa kwa watu wa Ulaya, zinatumia MHz 446 na nguvu ya nusu wati, na antena yake haitoki. Ni nzuri kwa watoto, ao kwa watu walio katika shamba moja. Musizitegemee kwa mafuriko. Halafu kuna zile za wati 4 ao 5, ambazo inayojulikana sana sokoni ni Baofeng UV-5R. Bei yake si kali na inashika aina mbili za mawimbi: yale ya MHz 136 mpaka 174, na yale yanayoanzia MHz 400. Kwa milima na mashamba tunashauri yale ya kwanza. Ya pili yanafaa zaidi ndani ya majumba ya mji. Jambo kubwa ni kwamba zote zifanane. Mashine inayojua aina moja tu haitasikilizana na ile inayojua aina nyingine, hata mukizisimamisha meza moja.

Ubaya wa mashine hizo ni kwamba zinafungua milango mingi. Kidole kikiteleza, umeingia kwenye wimbi la polisi ao la watu wengine ambao hawatacheka. Mwombeni fundi azipange kwa ordinatere, aache mikondo miwili ao mitatu tu muliyoruhusiwa, kisha afunge vifungo.

Musidanganywe na wati. Wati mara kumi hazileti kilometa mara kumi. Antena ndiyo inaleta. Mashine ya wati 25 kama zile za gari, imewekwa depo juu ya batri ya volti 12, na antena yake ikapandishwa mita 8 juu ya mwanzi, itawasikia wale wa mbali ambao motorola ya mkononi hapo chini haiwasikii. Waya wa antena uwe mnene, wala usizidi urefu unaohitajika. Tena muangalie radi. Mashariki ya Congo ni kati ya fasi zinazopigwa na radi zaidi duniani, na mwanzi wenye antena ni kama kuiita. Mawingu yakikusanyika, chomoeni waya na muutupe nje ya nyumba. Mutasema: lakini mvua ndiyo saa ya hatari! Ni kweli, na hatuna jibu tamu. Toeni habari mawingu yanapoanza kuwa meusi, na dhoruba ikifika mutumie ile ya mkononi ndani ya nyumba.

Na foni? Wazee wanaikumbuka kutoka misioni na vijiji, ulipolipa kidogo ili kumsalimu ndugu wa mbali. Mawimbi yake, ya MHz 3 mpaka 30, hayahitaji kuonana. Yanapanda juu sana, yanagonga tabaka la hewa ya juu, yanarudi chini nyuma ya vilima. Waya wa MHz 7 una urefu wa karibu mita 20 kutoka ncha mpaka ncha. Ukifungwa mita 4 ao 5 tu juu ya udongo, unarusha sauti juu kabisa na inarudi kwa watu wa kilometa mia na zaidi kuzunguka. Mchana mutatumia namba za juu zaidi, usiku za chini. Kule Haut-Uele, wakati LRA walipokuwa wanashambulia, vijiji vilionyana kwa foni kama hizi. Lakini foni mpya ya kazi, kama Codan ao Barrett, inakula dola elfu kadhaa. Koperative moja peke yake isijaribu. Umoja wa koperative kumi unaweza kuifikiria.

Umeme nao uhesabiwe mapema. Foni ikisikiliza tu inakula pungufu ya ampere 1 ao karibu nayo, ikisema inaweza kuvuta mpaka ampere 20. Pano ya jua ya wati 100 inatoa kama ampere 5 jua likiwa kali. Batri ya asidi musiishushe kupita nusu. Na hapa tuseme wazi, hata kama tutachukiwa: batri ya foni si ya kucharji simu za kijiji. Tumeona batri mbili zikifa hivyo, moja katika miezi mitano. Kwa motorola, kila mashine iwe na batri ya akiba iliyojaa.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo wafanyabiashara hawalisemi. Hapa Congo mawimbi ni ya serikali, na ruhusa ya kuyatumia inatoka kwa ARPTC. Kununua mashine sokoni si kupata ruhusa. Karatasi zinakawia, zina gharama, na koperative ndogo inakata tamaa; ndiyo maana tunaomba umoja wa koperative uombe kwa niaba ya wote. Lakini musianze bila hizo.

Maana penye watu wa silaha, motorola mkononi mwa mkulima haionekani kama jembe. Inaonekana kama mpelelezi. Yule kijana wa koperative tuliyoitaja alisimamishwa kwenye bariere akiwa na mashine ndani ya mfuko. Karatasi zilikuwa depo, ndani ya kabati, zimefungwa na ufunguo. Alilala mbali na nyumbani usiku mbili, na mama prezida alitembea ofisi baada ya ofisi kumtafuta. Sisi ndio tuliosema "nunueni", na hatukusema neno hata moja juu ya barabara.

Tangu siku ile hatushauri tena motorola za kutembea. Mashine inakaa fasi moja: depo, kwa mwalimu, kwa mtu wa juu. Ikilazimika kusafiri, kopi ya karatasi inasafiri nayo. Namba za mashine zinaandikwa kwa shefu na kwa wenye usalama, na jina la koperative linapakwa rangi kubwa mgongoni mwake. Hewani munasema maji, mgonjwa, mutumbwi uliozama, barabara iliyokatika. Habari za askari, wawe wa nani, hazisemwi kamwe. Yeyote mwenye mashine kama yenu anawasikia, na hamutajua ni nani.

Na kama kwenu wenye mamlaka wanasema hapana, basi ni hapana. Tundikeni jante ya gari juu ya mti, mukubaliane mapigo ya mto na mapigo ya moto. Inasikika mbali na haihitaji batri. Kuna vijiji ambavyo tungechagua jante hata kama franga zipo.

Vijana wawili wametuuliza kama wanaweza kuwa na foni yao ya kujifurahisha, kusema na watu wa nchi nyingine. Inawezekana. Kazi hiyo ina leseni yake, na vituo vya Congo vinaitwa kwa herufi zinazoanza na 9Q. Hairuhusiwi kufanya biashara hewani, kwa hiyo musiitumie kutangaza bei ya kahawa. Ila musiidharau. Desemba 2004, Bharathi Prasad, mama wa India, alikuwa visiwa vya Andaman na wenzake kwa ajili ya mchezo huohuo. Tetemeko na mawimbi ya bahari ya tarehe 26 vikakata simu, na mashine yao ikawa njia ya kupeleka habari za waliopona. Aliyezoea kusema kila siku ndiye aliyeweza kusema siku ile.

Mazoea hayo yanakosekana katika koperative nyingi. Mashine inafungiwa kabatini kungoja hatari, na siku ya hatari batri imekufa na hakuna anayekumbuka kifungo. Semeni kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, hata kama habari ni kwamba hakuna habari. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme. Bila hivyo neno la kwanza linakatwa, na "mto haujapanda" unafika "umepanda" ao kinyume chake. Anayepokea arudilie alichosikia, kisha aandike ndani ya kayé, na saa.

Koperative ile ya kahawa inafanya hivyo tangu miezi saba. Mara mbili mtu wa juu alitoa habari ya mto, mara moja kweli ulifurika, na magunia ya depo yalikuwa yamekwisha kupandishwa juu ya meza. Ila sasa mwalimu ametuambia anahamishwa shule mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Nyumba nyingine juu ya mgongo ule hakuna. Mama prezida anauliza kama mojawapo ya zile mashine tano za kwenye karto inaweza kuwekwa kwa mlinzi wa shule, na wiki ijayo tutapanda naye usiku, tukiwa na tochi.