Barakoa ya Kipa Isipakwe Rangi Upya

Hoki ya barafuni huchezwa kwa kisahani cha raba ngumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, na shuti kali hukirusha kwa mwendo unaozidi kilomita 160 kwa saa. Hata hivyo, kwa miongo mingi makipa wa NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, walisimama langoni uso mtupu. Tarehe 1 Novemba 1959, jijini New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua usoni Jacques Plante wa Montreal Canadiens. Aliposhonwa, alikataa kurudi uwanjani bila barakoa ya faibaglasi aliyozoea kuivaa mazoezini. Kocha Toe Blake hakuitaka kabisa barakoa hiyo, ila kipa mwingine wa kutegemea hakuwa naye.

Barakoa za kizazi kilichofuata ndizo zinazogombaniwa na wakusanyaji leo, nami nashikilia kwamba thamani yake imo katika makovu yake. Nyingi zilifinyangwa juu ya nakala ya plasta ya uso wa mchezaji mmoja, na mafundi wenyewe walikuwa watu kama Ernie Higgins, fundi bomba wa Massachusetts. Hiki kilikuwa kifaa cha kazi cha mtu mmoja, na kila ufa, kila doa jeusi la raba na kila mkanda uliochakaa kwa jasho unasimulia kazi hiyo. Gerry Cheevers wa Boston Bruins alilielewa hilo mapema: kila barakoa yake ilipopigwa, ilichorwa nyuzi mahali ambapo uso wake ungeshonwa. Anayeipaka upya barakoa ya zamani ili ing'ae kabatini anafuta maelezo hayo yote.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba mikwaruzo ni rahisi kughushi. Ni kweli, lakini mkwaruzo unaweza kulinganishwa na picha za mechi, ilhali rangi mpya hailinganishwi na chochote. Wengine huuliza kwa nini tuenzi kifaa kilichoshindwa kazi, maana mwaka 1979 ncha ya fimbo ilipenya tundu la jicho la barakoa ya Bernie Parent wa Philadelphia Flyers, ikakatisha maisha yake ya uchezaji. Kwangu hiyo ni sababu ya kuzihifadhi jinsi zilivyo. Upana wa matundu yale ya macho ndio unaomwonyesha mtazamaji kwa nini vizimba vya waya vya kukinga uso vilichukua nafasi ya barakoa hizo.