Shirley Temple: Nyota Aliyeanza Kazi Kabla ya Kujua Kusoma

Shirley Temple alizaliwa tarehe 23 Aprili 1928 mjini Santa Monica, California. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee wa George Temple, mfanyakazi wa benki, na mkewe Gertrude. Mama ndiye aliyetamani binti yake awe mchezaji dansi. Mwaka 1931 alimwandikisha katika shule ya dansi ya Meglin mjini Los Angeles, na huko ndiko alikoonwa na watu wa kampuni ndogo ya filamu, Educational Pictures, waliokuwa wakitafuta watoto. Malipo yake ya kwanza yalikuwa dola 10 kwa siku ya kupiga picha. Siku za mazoezi hazikulipwa.

Filamu fupi za kampuni hiyo, zilizojulikana kama Baby Burlesks, ziliwafanya watoto wadogo kuwaigiza watu wazima huku wamevaa nepi zilizofungwa kwa pini kubwa. Leo ni vigumu kuzitazama bila kuudhika. Mtoto aliyevuruga kazi alifungiwa katika kibanda cheusi cha mafundi wa sauti, ambamo hapakuwa na pa kukaa ila juu ya bonge la barafu. Temple mwenyewe aliisimulia adhabu hiyo katika kitabu cha maisha yake, Child Star, kilichotoka mwaka 1988, na kueleza kwamba humo ndimo alimojifunza kuwa katika kazi yake muda ni fedha. Huyo alikuwa mtoto wa umri wa chekechea.

Mlango wa umaarufu ulifunguka mwaka 1934. Studio ya Fox ilimpa nafasi ndogo katika filamu ya Stand Up and Cheer!, na wimbo mmoja na dansi moja vikatosha kumpatia mkataba wa dola 150 kwa wiki. Kabla ya mwaka kwisha malipo yalikuwa yamepanda hadi dola 1,000. Filamu ya Bright Eyes, iliyotoka mwezi Desemba, ndiyo ya kwanza kuandikwa kwa ajili yake, na wimbo wake, On the Good Ship Lollipop, uliimbwa kila mahali. Februari 1935 alipewa tuzo maalumu ya Oscar kwa watoto, akiwa wa kwanza kuipata. Kuanzia 1935 hadi 1938, miaka minne mfululizo, hakuna mwigizaji yeyote nchini Marekani, mkubwa kwa mdogo, aliyevuta watazamaji wengi kumzidi.

Sauti yake haikuwa kubwa wala ya kustaajabisha. Alichokuwa nacho ni sikio la mdundo na matamshi safi, pamoja na kumbukumbu iliyowatia jasho waigizaji wenzake. Mama yake alimsomea hadithi ya filamu usiku kabla ya kulala, na asubuhi mtoto alifika studio akiyajua maneno yake na ya wengine pia. Gertrude alikuwa na mshahara wake studioni: ndiye aliyemfundisha binti yake, na ndiye aliyemtengeneza nywele, vishungi 56 kamili, kila kimoja kikisokotwa na kubanwa kwa pini. Sheria ya California ililazimu saa 3 za masomo kila siku, kwa hiyo mwalimu alimfuata studioni, katika nyumba ndogo aliyojengewa humohumo. Mwaka mmoja ulipunguzwa kwenye umri wake ili kipaji kionekane cha ajabu zaidi, naye hakuujua umri wake halisi hadi alipokaribia ujana.

Kazi iliyo bora kuliko zote za wakati huo imo katika The Little Colonel ya mwaka 1935. Bill Robinson, bingwa Mweusi wa dansi ya kugongesha viatu, aliyezaliwa Virginia mwaka 1878, anamshika mtoto mkono na kupanda naye ngazi wakicheza. Muda wa mazoezi ulikuwa mfupi, na hatua za Robinson ngazini zilikuwa zimemchukua miaka mingi kuzikamilisha. Akabuni njia: mtoto apige kwa ncha ya kiatu ule ubao wa wima wa kila kidato, sauti itoke kana kwamba miguu yote miwili imefanya kazi. Ukitazama unaona mtu mzima akipunguza mwendo wake bila kuonyesha kwamba amepunguza. Hao walikuwa wawili wa kwanza wa rangi tofauti kucheza pamoja katika filamu ya Hollywood, na katika majimbo ya kusini kipande hicho kilikatwa. Mweusi kumshika mkono msichana Mzungu lilikuwa jambo lisilovumilika huko. Walicheza tena katika filamu nyingine tatu.

Zikafuata Wee Willie Winkie na Heidi mwaka 1937, kisha The Little Princess mwaka 1939, yenye rangi kamili. Lakini hadithi hazikuwa zikibadilika: yatima au nusu yatima anayelainisha moyo wa mzee mkali. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akibadilika. The Blue Bird ya mwaka 1940 ilitia hasara, mkataba ukavunjwa, na akiwa na miaka 12 Temple aliingia shule ya kawaida ya wasichana kwa mara ya kwanza. Alirudi kwenye filamu akiwa kijana na kuigiza vizuri, hasa katika Since You Went Away ya mwaka 1944 na Fort Apache ya mwaka 1948, ila watazamaji walikuwa bado wakimtafuta yule wa miaka sita. Mwaka 1950, baada ya ndoa ya kwanza kuvunjika na kuolewa na Charles Black, alitangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 22.

Wakati huohuo aliuliza kuhusu fedha zake. Alikuwa amechuma zaidi ya dola milioni 3, na zilizobaki kwa jina lake zilikuwa takriban dola 44,000. Nyingine zilikuwa zimekwenda kwenye matumizi ya familia na uwekezaji mbovu wa baba yake. California ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda mapato ya waigizaji watoto mwaka 1939, lakini kufikia hapo miaka yake minono ilikuwa imepita. Hakumshtaki baba yake, wala hakuwalaumu wazazi hadharani. Upole huo ni wake mwenyewe, haumwondolei baba deni.

Baada ya vipindi vya hadithi za watoto katika televisheni, kuanzia 1958 hadi 1961, aligeukia siasa. Aligombea ubunge mwaka 1967 akashindwa. Mwaka 1969 Rais Nixon alimteua kuwa miongoni mwa wajumbe wa Marekani katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1972 alitangaza hadharani kwamba amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, wakati ambapo watu mashuhuri waliuficha ugonjwa huo. Miaka miwili baadaye alitumwa Accra kuwa balozi nchini Ghana, chini ya utawala wa kijeshi wa Ignatius Acheampong. Wengi walicheka uteuzi huo, lakini haikuwa kazi nyepesi: mwaka 1976, Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipozuru Afrika na kupita Nairobi na Dar es Salaam, serikali ya Ghana ilifuta ziara yake Accra, na mzigo wa kutuliza mambo ukamwangukia balozi. Mwaka huohuo alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Mkuu wa Itifaki wa Marekani. Kuanzia 1989 hadi 1992 alikuwa balozi Czechoslovakia, akashuhudia utawala wa kikomunisti ukianguka bila vita katika jiji la Prague, jiji lilelile ambalo mwaka 1968 alikuwemo vifaru vya Kisovieti vilipoingia.

Alifariki tarehe 10 Februari 2014 nyumbani kwake Woodside, California, akiwa na miaka 85. Kazi ya filamu iliyomjaza sifa ilidumu miaka sita tu, na utumishi wake wa umma ulidumu zaidi ya ishirini. Makala ijayo itamshughulikia Jackie Coogan, mwigizaji mtoto ambaye kesi yake ya mwaka 1938 dhidi ya mama yake ndiyo iliyozaa ile sheria ya 1939.